Blaindi ya vipande viwili: mwanga juu, sitara chini

Nianze na wenye haraka. Kama unakaa chini, dirisha lako linatazama uchochoro wa watu, na unataka mwanga ndani bila ya kila apitaye kujua mezani mna nini, tia blaindi ya alumini, ile ya vibapa, yaani vibao vyembamba vinavyoinamishwa, iliyogawanywa vipande viwili, cha juu na kijiti chake cha kuzungusha, cha chini na chake. Nimekaa na yangu kaskazi nzima na masika juu yake, na sijutii hata shilingi moja. Kasoro inazo, nitazitaja bila kuficha. Nyingi ni kasoro za maagizo: fundi hukutengenezea alichozoea yeye usipomwambia unachotaka wewe. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Ninakaa Tudor, Mombasa, nyumba ya chini ya jengo la ghorofa. Sebule ina dirisha moja tu, upana futi tano, kimo futi nne, vioo vya kusukuma kwenye fremu ya alumini, grili kwa nje. Linatazama magharibi. Mbele yake pana uchochoro, ng'ambo ya uchochoro nyumba ya mabati iliyo fupi, na kando yake jengo jingine ambalo ngazi yake iko nje, inatazama kwetu. Uchochoro huo ndio njia ya mkato ya kwendea dukani, msikitini na stejini, kwa hivyo kutwa watu wanapita: muuza samaki, watoto wa madrasa, wanaume wanaotoka kuswali alasiri. Ni majirani wema wote, lakini macho hayana pazia.

Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono. Anayezijua kofia za vitobo anajua habari ya mwanga. Ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kitobo kidogo kuliko punje ya mtama, na kila kitobo huzungushiwa uzi ukingo mzima. Mwanga ukiwa hafifu unakosea kuhesabu, ua linapinda, na kazi ya wiki nzima inakuwa ya kufumua. Taa ya dari hainifai, maana iko nyuma yangu na kivuli cha kichwa changu kinaangukia kazi. Jua la moja kwa moja nalo halifai, kitambaa kinang'aa mpaka macho yanatoa machozi. Nautaka mwanga wa mchana uliotawanyika, utokao juu. Na nikiwa kwangu nakaa kichwa wazi, nimejifunga leso, kama mwanamke yeyote akaavyo kwake. Sitaki kuvaa buibui ndani ya nyumba yangu ili nipate kuona tundu la sindano.

Pazia halikuweza kunipa vyote viwili. Likifunguliwa, naonekana, likifungwa, nashona kwa taa mchana kutwa na tokeni za stima zinakwisha. Shia, lile pazia jepesi la kuonyesha, husitiri mchana, lakini jioni ukiwasha taa tu, aliye nje anaona kila kitu. Wapo walionishauri nibandike ile karatasi ya ukungu kwenye nusu ya chini ya vioo. Kwa bafu inafaa sana. Lakini karatasi imeshikana na kioo, na ukisukuma kioo upate upepo, sitara imeondoka na kioo. Na dirisha lisilofunguliwa hapa mwezi wa Januari ni adhabu.

Dada yangu wa Nyali ana aina nyingine, na ilikaribia kunishawishi. Ni blaindi ya kitambaa cha kukunjana, inashushwa kutoka juu na pia inainuliwa kutoka chini. Unaweza kuacha futi moja wazi kule juu, na yote iliyobaki ikawa imefungwa. Kwa macho ni nzuri mno, mistari imenyooka, hakuna vitu vya kuning'inia. Kwake inafanya kazi barabara, kwa sababu chumba chake kina eesii ya kupoza hewa na madirisha hayafunguliwi. Kwangu ingekuwa ukuta wa kitambaa. Upepo wa kusi ukija unaipiga tumbo, haupiti. Wakati wa mvua kitambaa kinanyonya unyevu, na sote tunajua ukungu wa Mombasa unavyopenda kitambaa kilichokunjwa. Aina hii nasema ni nzuri, ila si ya nyumba inayoishi kwa upepo wa dirishani. Yeyote anayetaka kununua ajiulize hilo kwanza, kabla ya kuuliza bei: je, upepo utapita wakati sitara imefungwa?

Vibapa vya alumini vinajibu swali hilo. Vinazuia macho na kupitisha upepo kwa wakati mmoja, kwa sababu havijafunga nafasi, vimeinama tu.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Tembea Ndia Kuu, uinue macho utazame madirisha ya zile nyumba za Mji wa Kale ambazo bado zina mbao zake. Utaona madirisha yenye jozi mbili za milango, ya chini na ya juu, kila jozi inafunguliwa peke yake. Utaona na vibao vilivyoinamishwa ndani ya fremu, upepo unaingia na aliye barazani haoni kitu. Nyumba aliyokulia mavyaa wangu ilikuwa na dirisha la namna hiyo. Nilipomweleza ninachotaka kutengeneza alisema, "Mwanangu, hilo ni dirisha la kwetu, ila wewe walitaka la bati." Alikuwa na haki. Tena la mbao lina jambo moja ambalo blaindi yangu haitalifikia kamwe: liko nje ya nyumba. Linalizuia jua kabla halijaingia. Blaindi ya ndani inalipokea jua likiwa limeshapita kwenye kioo, na joto lililoingia halitoki lote. Asikudanganye muuzaji kwamba blaindi ya ndani itakupoza chumba. Itakupunguzia ukali wa jua, na hilo ni jambo jingine.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa blaindi za ofisini, karakana yake iko upande wa Ganjoni. Wafanyakazi wa ofisi wanaijua shida hii kwa namna yao: wakifungua blaindi, kompyuta hazionekani, wakifunga, wanawasha taa saa sita mchana. Kwa hivyo fundi alishawahi kutengeneza za vipande viwili, na hakunishangaa. Tulikubaliana upesi karibu kila kitu. Tulikwama kwenye kimo cha kugawanyia.

"Dada, tunakata katikati," aliniambia. "Juu futi mbili, chini futi mbili. Inapendeza."

Inapendeza, ndiyo, ukiitazama ukiwa umeketi kwenye kochi na dirisha liko ghorofa ya tano. Dirisha langu linaanzia futi tatu kutoka sakafuni na kwisha futi saba, na uchochoro uko sawa na sakafu yetu. Ukikata katikati, kipande cha juu kinaanzia futi tano. Mwanamume wa kawaida akipita, macho yake yako hapo hapo penye uwazi, na mimi nikisimama kichwa changu kiko hapo hapo. Tungekuwa tumekutana uso kwa uso.

Nilimwomba asubiri. Nikarudi nyumbani, nikamsimamisha mdogo wangu wa kiume nje ya dirisha, yeye ndiye mrefu kuliko wote kwetu, nikatia alama ya chaki kwenye fremu penye macho yake. Futi tano na inchi nane. Nikaongeza inchi moja. Kwa hivyo kipande cha chini kikawa inchi thelathini na tatu na cha juu inchi kumi na tano. Fundi aliguna kidogo, akasema kipande cha juu kitakuwa chembamba na mwanga hautatosha.

Hapo ndipo naomba msomaji anisikilize vizuri, maana hili silo jambo la ladha tu. Mwanga unaoingia juu ya dirisha ndio unaokwenda mbali. Wajenzi wana kanuni yao ya kukisia kwamba mwanga wa mchana unaofaa kwa kazi hufika ndani kiasi cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha, ukipima kutoka sakafuni. Ukingo wangu uko futi saba, kwa hivyo natarajia mwanga mpaka futi kumi, kumi na nne hivi. Ukifunika juu na kuacha wazi chini, kama afanyavyo mtu mwenye pazia fupi lililoning'inizwa vibaya, unaangaza sakafu karibu na dirisha na kuacha chumba chote kwenye kiza. Inchi kumi na tano za juu zina thamani kuliko inchi ishirini za chini. Na dari yangu nimeipaka chokaa nyeupe, inaupokea mwanga na kuushusha polepole kwenye meza. Fundi alikubali kwa shingo upande. Alipokuja kufunga akakaa kidogo akitazama dari, akasema kwa wateja wake wengine pia ataanza kupima macho ya mpita njia.

Sasa jinsi inavyofanya kazi, kwa anayetaka kumwelekeza fundi wake. Blaindi ya kawaida ina ufito mmoja wa chuma ndani ya reli ya juu. Ukizungusha kijiti, ufito unazunguka, unavuta nyuzi za mbele na kulegeza za nyuma. Nyuzi hizo ni ngazi: zina vipandio, na kila kibapa kimelala juu ya kipandio chake. Kwa hivyo vibapa vyote vinainama pamoja. Yangu ina fito mbili, zimelazwa sambamba ndani ya reli pana kidogo kuliko ya kawaida. Ufito wa kwanza unashika ngazi za kipande cha juu. Wa pili unashika nyuzi zinazoshuka mbele na nyuma ya vibapa vya juu bila vipandio, zinafika chini, na hapo ndipo vipandio vyao vinaanzia. Kijiti cha kulia cha juu, cha kushoto cha chini. Kamba ya kuinulia ni ya blaindi nzima, inapita kwenye vitobo vya vibapa vyote, na ukiivuta vinajikusanya kuanzia chini. Maana yake unaweza kuinua kipande cha chini ukaacha cha juu kimening'inia, lakini huwezi kuondoa cha juu ukabakisha cha chini. Hilo la kitambaa la dada yangu linaweza, hili haliwezi. Kwangu si hasara, kwa sababu cha juu sikiondoi, nakizungusha.

Fundi alinipa na njia ya bei nafuu: ufito mmoja tu, nyuzi zikafungwa kwa kupishana, ili ukifunga chini juu kunabaki wazi. Inafanya kazi, nimeiona karakanani. Lakini vipande vyote viwili bado vinatii kijiti kimoja, na uhusiano wao haubadiliki. Asubuhi mapema, kabla ya watu kuamka, nataka vyote viwili wazi nipate kufagia kwa mwanga. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, nataka cha chini kiwe nusu ili upepo upite usawa wa kiti. Usiku nataka vyote vimefungwa. Njia ya ufito mmoja ingenipa hali moja nzuri na nyingine zote za kubahatisha. Kama uwezo upo, ongeza pesa uchukue fito mbili.

Kuna jambo ambalo fundi hakuniambia, nimeligundua kwa kukaa nalo, nalo ni upande wa kuinamisha. Kibapa kinaweza kuinama ukingo wa nje ukiwa juu au ukiwa chini. Ukitazama haraka vyote ni sawa, chumba kimefungwa. Havilingani hata kidogo. Ukingo wa nje ukiwa juu, kibapa kinafuata njia ya jua, na mshale wa jua unapita katikati yake mpaka mezani. Na jirani aliye juu kwenye ngazi yake ya nje anaweza kuona chini mpaka sakafu yako. Ukingo wa nje ukiwa chini na wa ndani juu, jua linagonga mgongo wa kibapa na kurushwa kuelekea darini. Aliye kwenye ngazi anaona vibapa tu. Aliye uchochoroni akijitahidi kuchungulia, ataona dari. Nami nikiwa ndani naona chini ya uchochoro, viatu vya mtu na pindo la buibui, kiasi cha kujua kuna mgeni anakuja mlangoni.

Kwa hivyo mpango wangu wa alasiri uko hivi: kipande cha chini kimefungwa kabisa au kimeachwa na mwanya mdogo, cha juu kimeinama ukingo wa nje chini. Jua hunipiga dirishani kuanzia saa nane hivi mpaka karibu saa kumi na moja na nusu, linapojificha nyuma ya mabati ya jirani. Mombasa tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, jua letu halihami sana. Juni linaelemea kaskazini, Disemba kusini, lakini dirisha la magharibi hulipata mwaka mzima. Hakuna msimu wa kupumzika. Kabla ya blaindi hii, saa hizo nilikuwa nahamishia kazi jikoni. Sasa ndizo saa zangu bora. Kofia za Ramadhani mwaka huu nimezishona zote dirishani, kiti kimetazama ukuta, mwanga unatoka darini, na kivuli hakuna. Mavyaa naye amepata kona yake. Husoma juzuu baada ya alasiri, na zamani ilibidi tumwashie taa. Sasa anasoma bila taa mpaka maghribi inakaribia, na miwani ni ile ile.

Kasoro sasa.

Ya kwanza iko kwenye kiungo. Pale kipande cha juu kinapokutana na cha chini, vibapa viwili vinavyopakana vinainama tofauti, na kati yao pakabaki mwanya wa kidole. Siku ya kwanza niliuona kutoka upande wa pili wa chumba, mstari wa jua ukakata ukuta. Fundi alirudi akaongeza kibapa kimoja kwenye ngazi za juu ili kishuke mbele ya cha kwanza cha chini, vikapandana. Mwanya ukaisha. Muulize fundi wako kuhusu kupandanisha kabla hajakata, asije akakwambia hakuna njia.

Ya pili ni vitobo vya kamba. Ukifunga kabisa, jua linapenya kwenye vile vitobo, safu tatu za nukta za mwanga. Kwa macho ya nje si kitu, hakuna anayeweza kuona kupitia hapo. Kwa anayetaka chumba chenye giza la kulala mchana ni kero, na wafanyakazi wa zamu ya usiku bandarini wanaijua shida hiyo. Kwa sebule nimeisamehe.

Ya tatu ni upepo wa kusi. Kipande cha chini kikifungwa na dirisha likiwa wazi, reli ya chini inapigapiga fremu usiku kucha, taka taka taka. Kuna vishikizo vidogo vya plastiki vinavyofungwa kwenye fremu, reli inaingia humo na kutulia. Fundi hakuvileta kwa sababu ofisini madirisha hayafunguliwi. Nilividai, akavileta. Hata hivyo siku za upepo mkali dawa ni kuachia vibapa vya chini mwanya, upepo upite badala ya kusukuma.

Ya nne inaniudhi kweli kweli: kutu. Vibapa ni alumini iliyopakwa rangi, havina shida yoyote. Fito na reli pia ziko salama hadi leo. Lakini skrubu na vishikizo vya juu vinavyoshika reli ni vya chuma cha kawaida, na masika moja tu imetosha kutoa machozi ya kahawia kwenye chokaa yangu. Anayefanya kazi Mombasa asiyejua chumvi ya hewa yetu ni nani? Skrubu zisizoshika kutu zinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na kazi yote. Hili nalihesabu kuwa uzembe, na nimemwambia fundi mwenyewe kwa heshima yake.

Kusafisha kunahitaji subira. Vumbi la uchochoroni linakaa juu ya vibapa vya juu zaidi kuliko vya chini, kwa sababu ndivyo vinavyolala nusu wazi kutwa. Tambara lenye maji kidogo, kibapa kwa kibapa, mkono mmoja unashika chini usikikunje. Alumini yenyewe ni nyembamba sana na ikikunjika haikunjuki. Na kijiti cha juu kizungushe taratibu. Zile nyuzi za kipande cha chini zinapita karibu na vibapa vya juu, ukizungusha kwa pupa kibapa kinaweza kunasa uzi.

Wenye watoto wadogo, tafadhalini msiruke hapa. Kamba ya blaindi inaua. Mtoto anajizungushia shingoni akicheza, kimya kimya, hakuna kelele ya kukuita. Marekani walibadilisha kanuni zao mwaka 2018, zikataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari madukani zisiwe na kamba za kuning'inia. Huku kwetu kamba bado ziko kila mahali. Mwanangu ana miaka mitatu. Nilimwambia fundi akate kile kitanzi cha mwisho, ncha za kamba ziwe mbili zilizoachana, na atie kulabu juu kabisa karibu na reli, kamba izungushiwe huko. Vijiti vya kuzungusha ni vigumu, haviwezi kufunga shingo. Na kochi tumelisogeza mbali na dirisha. Kama fundi wako anaona hayo ni makuu, tafuta mwingine.

Ufungaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kuta zetu ni za matofali ya mawe ya matumbawe, ukitoboa kwa drili yanamumunyuka na plagi zinalegea. Fundi alikwepa ukuta kabisa, akafunga reli kwenye linta ya zege iliyo juu ya dirisha, kwa chini yake. Haijatikisika. Nililipa shilingi 8,600 pamoja na kufungiwa, nusu mbele kwa M-Pesa na nusu baada ya kazi. Blaindi ya kawaida ya ukubwa ule ule alikuwa ameniambia 5,200. Alichelewa kuliko alivyoahidi, na ilibidi nimpigie simu. Lakini kila nilipomwita kurekebisha alikuja mwenyewe, hakutuma kijana, na hakuniomba nauli.

Sasa naagiza ya pili, ya chumba cha kulala. Dirisha hilo linatazama uwani wanapoanika nguo, na linaanzia futi nne kutoka sakafuni, kwa hivyo vipimo vyake ni vingine kabisa: kipande cha chini kitakuwa kifupi, na mdogo wangu ameshasimamishwa tena na chaki. Vibapa vya chini nimechagua rangi ya kijivu, vya juu vyeupe pande zote mbili. Kupandanisha kiungo, vishikizo vya reli, kitanzi kikatwe, kulabu juu, na skrubu nimezinunua mwenyewe nikampelekea kwenye mfuko.